Umma Unachemsha Chai

Mimi, Bi Somoe binti Mfaume, ndiye raia pekee wa nchi hii aliyewahi kupigiwa saluti na Jenerali mzima, mchana kweupe, mbele ya askari wake. Haya, kabla hamjanipigia vigelegele tuambizane ukweli: alikuwa anajikinga jua. Lakini mkono ulipanda mpaka kwenye paji la uso, na uso ulinielekea mimi, na nyuma yangu hapakuwa na mtu mwingine. Nyuma yangu hapajakuwa na mtu mwingine kwa muda mrefu sana.

Jina la nchi silitaji. Si kwa woga. Limebadilishwa mara nyingi mno, na mimi shule niliiacha darasa la nne, tukiwa bado kwenye jina la pili. Inatosha mjue kwamba ni nchi ya amani. Jeshi letu halijapigana na mtu tangu lianzishwe, ukiacha siku ile lilipovamiwa na nyuki likiwa kwenye gwaride, na siku hiyo lilikimbia kwa mpangilio mzuri sana.

Sasa, jeshi lisilopigana halichakazi vitu. Viatu vinabaki vipya, mablanketi hayatoboki, sufuria hazipati hata masizi. Mngedhani basi wataacha kununua. Ninyi hamkusomea ulinzi! Kila mwaka mkubwa mmoja alikuwa anatoka makao makuu kuja kuchungulia bohari. Akiikuta imejaa, anatikisa kichwa kwa huruma na kusema, "Tazameni jinsi vijana wetu wanavyohitaji mabuti. Yangekuwa hayahitajiki, yangewekwa mengi hivi?" Anarudi mjini, anaagiza mengine. Tuna hata makoti ya theluji. Theluji yenyewe tunaisikia redioni tu, lakini yule mkubwa alisema adui hachagui hali ya hewa.

Bohari ilijengwa kijijini kwetu, Mgwazo. Ilipoanza ilikuwa na ukubwa wa darasa moja. Ikajaa, ikaongezwa, ikajaa tena, ikaongezwa tena, na kila ikiongezwa inakula nyumba za watu. Kwa Bi Chausiku sasa ni mablanketi. Kwa Mzee Njiku, yule aliyekuwa akinigombeza kila asubuhi kwa sababu ya kuku wangu, ni sufuria za kupikia kikosi. Pale kisimani tulipokuwa tunasengenyana ni masanduku ya filimbi, na hakuna hata moja iliyowahi kupulizwa. Wenyewe walipakiwa kwenye malori na magodoro yao wakapelekwa sijui wapi. Nikitaka kuwakumbuka majirani, natazama bati.

Mimi nilibaki kwa sababu utepe wa kupimia ulikwisha. Mpimaji aliuvuta mpaka mlangoni kwangu, akauvuta tena, ukagoma. Akaukunja, akaniambia, "Mama, wewe hatujakufikia." Akaenda zake. Wiki ya kwanza nikajiona mshindi. Nilitembea uani nikiwa nimeshika kiuno, nikitafuta mtu wa kumringia.

Ndipo nikagundua kazi ilivyo ngumu kupika chai ya mtu mmoja. Mkono ulishazoea birika la watu sita. Nikawa napika ya watu sita na kumwaga ya watu watano. Nikitoka kuokota kuni, nikirudi nasimama mlangoni mwangu napiga hodi, halafu naingia haraka ili niwahi kujikaribisha. Nilikuwa najijibu vizuri tu, kwa adabu, lakini mazungumzo yalikuwa yanaisha upesi, kwa sababu habari zote wote wawili tulikuwa tunazijua.

*

Siku moja paa la bohari likainuka. Hapakuwa na upepo. Yalikuwa mablanketi yanasukuma. Jenerali Ndolezi, mkuu wa ulinzi wote, akaingia redioni.

"Wananchi! Adui mkubwa wa jeshi letu hayuko ng'ambo ya mpaka. Adui ni wingi! Tumezidiwa na mali yetu wenyewe! Tutapambana na wingi huu mpaka buti la mwisho!"

Ndiyo ikaanza Operesheni Punguza, vita ya kwanza ya jeshi letu, na ilikuwa dhidi ya viatu vyake.

Akaletwa Kapteni Lutumo kuiongoza. Kijana msomi. Alisomea ng'ambo mambo ya kupunguza vitu, na alisoma kwa bidii mpaka yeye mwenyewe akapungua. Mkanda ulimzunguka karibu mara mbili. Alipokelewa na Sajenti Kilasara, mtunza bohari, mtu wa makamo, mnene, mpole, ambaye sikuwahi kumwona bila funguo shingoni. Niliwasikia wakizungumza ukutani kwangu. Nisingeweza kutowasikia, ukuta wa bohari na wa jiko langu zinapeana joto.

"Sheria inasema mali ya umma haifutwi daftarini mpaka umma uione ikifutwa," alisema Kapteni. "Umma uko wapi?"

"Tuliuhamisha, afande."

"Wote?"

"Ulikuwa umekaa mahali pa mablanketi."

"Hakuna hata kidogo uliobaki?"

"Kuna kipande kimoja, afande. Kile pale kinachofukuza kuku."

Basi nikawa Umma. Sikupigiwa kura wala sikuapishwa. Nilikabidhiwa kofia ya jeshi ili nisije nikachanganywa na mtu binafsi.

*

Kila asubuhi walikuja barazani kwangu. Askari wanane walibeba mabuti juu ya machela, taratibu, kama vile yamejeruhiwa. Kapteni anasimama mbele, anakohoa.

"Umma upo?"

"Upo, mwanangu. Unachemsha chai."

"Umma useme 'upo' tu."

"Upo tu."

Hapo Kapteni anainamia machela na kusema kwa sauti ya msibani, "Buti, jeusi, halijavaliwa. Umelitumikia taifa kwa uaminifu. Leo unafutwa." Askari wanavua kofia. Na mimi yangu navua. Mara ya kwanza nilitokwa na machozi kidogo, nikimfikiria yule buti, amezaliwa mpya anakufa mpya, hajakanyaga hata tope.

"Umma umeona?"

"Umeona. Sukari vijiko vingapi?"

Baada ya hapo Sajenti Kilasara anayapakia mabuti kwenye mkokoteni na kuyapeleka shimoni, nyuma ya bohari, kuyachoma. Wengine wote walitakiwa kusubiri mpaka yaungue. Kusubiri kwenyewe kulikuwa barazani kwangu! Birika la watu sita halikutosha. Tukaazima sufuria ya kikosi, ikapata masizi yake ya kwanza. Vijana wakanipasulia kuni. Wakabishana habari za mpira. Mmoja, Koplo Mashuhuda, mrefu, mdomo hauna breki, akaanza kunigombeza kuhusu kuku wangu kudonoa kamba za viatu vyake. Jamani, nilikuwa nimesahau raha ya kugombezwa.

Nikaanza kupika kashata. Za karanga, na nazi kwa mbali. Vijana walizitafuna mpaka sahani ikabaki inang'aa. Sajenti peke yake ndiye hakugusa, na chai yake alikunywa kavu.

"Mbona huli, Sajenti? Unadhani nimetia dawa ya panya?"

"Kisukari, mama. Daktari amenikataza. Lakini nifungie, nitawapelekea watoto."

"Kumbe una watoto!"

"Ee, mama. Watatu."

Nikamfungia tatu kwenye kipande cha gazeti. Akaziweka chini ya kofia, maana askari akiwa kazini haruhusiwi kushika utamu mkononi, akaondoka na mkokoteni wake shingo ikiwa imenyooka kama mtu aliyebeba mtungi.

Kesho yake nikamuuliza, "Watoto wamesemaje?"

"Wamesema tamu, mama. Wanakusalimu wote wanne."

"Jana walikuwa watatu."

"Yule mdogo alikuwa amelala."

Nikaongeza kashata ya nne. Mimi nani nimhesabie mtu watoto wake? Tangu siku ile, kila asubuhi kabla hajaketi namuuliza watoto wamesemaje, na yeye ananiambia wamesema tamu. Sikuwa na wajukuu wa kunisifia chochote, basi nikazila hizo salamu kama vijana walivyozila kashata.

*

Siku moja nilipokuwa namimina nikalimwagia buti moja chai ya maziwa, kwenye ncha. Likabaki doa la mviringo lenye mkia. Likafutwa, likaonwa, likaenda shimoni.

Kesho yake likarudi, na doa lake.

"Buti, jeusi, halijavaliwa," Kapteni akasema. "Umelitumikia taifa kwa uaminifu."

Nikaliangalia buti. Buti likaniangalia.

"Umma umeona?"

"Umeona," nikajibu. Wala sikudanganya. Nilikuwa nimeliona vizuri kuliko siku zote.

Vijana walipokwenda kunawa, nikamsogelea Sajenti na kikombe chake.

"Sajenti, mbona shimo lako halitoi moshi?"

"Haya mabuti ni ya kisasa, mama. Yanaungua bila moshi."

"Na yanarudi bila miguu."

Akatazama ndani ya kikombe kama kuna mtu anamwita humo. Halafu akasema polepole, "Yakiisha, mama, Kapteni ataondoka na vijana wake. Bohari itafungwa. Wewe utabaki na nani?"

"Kwa hiyo mambo yote haya ni kwa kunionea huruma?"

"Nakuonea, mama. Sikufichi."

"Na wewe je?"

"Aa, mimi nina watoto. Kwangu mimi ni kelele tu tangu asubuhi. Mpaka natamani kimya."

Nikamwonea wivu, wallahi. Nilipokuwa naosha vikombe jioni ile nilijaribu kuisikia nyumba yake ilivyo, watoto wanne wanagombea mkeka. Sikumsema kwa Kapteni. Umma unaona, hakuna sheria inayosema Umma uropoke.

Tatizo lilikuwa hesabu. Kapteni alijumlisha kila alichokifuta na kutuma jumla makao makuu, na mabuti yaleyale tukayafuta kiangazi chote. Mwisho ikaonekana tumechoma mabuti mengi kuliko yaliyowahi kununuliwa tangu nchi ilipopata jina lake la kwanza. Makao makuu wakashikana mikono, wakacheza. Kisha mmoja wao akaacha kucheza akauliza, "Lakini si maana yake jeshi liko pekupeku?" Wakaagiza mengine kwa dharura.

Malori yakawa yanaingia mlango wa nyuma wakati sisi tunafuta mlango wa mbele. Nikamuuliza Kapteni kama hasikii ngurumo.

"Nasikia, bibi. Hayo ni ya Idara ya Kuongeza. Sisi ni Kupunguza. Hatusalimiani."

*

Halafu Kapteni akaja na habari. Alikuwa amevaa soksi mpya.

"Kesho Jenerali anakuja mwenyewe kutangaza ushindi. Bohari ni tupu. Itafungwa, na sisi sote tutahamishwa. Hongera, bibi. Umma umemaliza kazi yake."

Nikamwangalia kama anatania. Nyuma yake milango ya bohari ilikuwa imeegemezwa magogo isifunguke yenyewe.

"Na majirani zangu watarudishwa?" nikauliza. "Maana mahali si pamekuwa wazi?"

"Hapana. Eneo litahifadhiwa kwa ajili ya wingi ujao."

"Na hodi nani atapiga?"

Kapteni hakulijua hilo. Halikuwa kwenye masomo yake. Sajenti Kilasara alikuwa amesimama pembeni, anachezea funguo, moja baada ya nyingine. Siku hiyo alisahau kuchukua kashata, nikamkimbilia nazo mpaka kwenye mkokoteni.

"Za watoto hizi! Unataka walie?"

"Ahsante, mama. Wangelia kweli."

Kesho yake nilipika kashata kwa sukari yote iliyokuwa ndani. Niliona haina haja ya kubaki.

Jenerali alikuja na vumbi kubwa. Mtu mkubwa kweli, na sijawahi kuona miguu ya vile. Kila kiatu kingetosha kulalia kuku na vifaranga wake. Akapanda kwenye kreti, akaipa bohari mgongo.

"Ndugu wananchi!" akasema. Wananchi nilikuwa mimi. "Wapo waliotudharau. Walisema wingi haushindiki. Leo nasimama hapa mbele yenu, na nyuma yangu hakuna kitu!"

Nyuma yake blanketi moja likatoka dirishani taratibu kama ulimi. Filimbi ikadondoka kutoka darini, ikaviringika mpaka mguuni pake. Akaikanyaga akaendelea.

"Utupu huu tumeupigania! Utupu huu tutaulinda! Umma, njoo mbele!"

Nikaenda. Hapo ndipo alipoinua mkono kwenye paji la uso, jua lilikuwa linamchoma macho, na mimi nikamrudishia saluti kwa mkono uliokuwa na upawa.

"Umma unaona nini nyuma yangu?"

Nikamtazama Kapteni, macho yamemtoka. Nikamtazama Sajenti. Nikisema nionacho, hawa wawili watalala rumande. Nikinyamaza, wataondoka wote na mimi nirudi kujikaribisha ndani mwangu. Nilitamani kuwa mkorofi, jamani. Nilitamani sana.

"Umma hauoni kitu, afande."

Makofi. Kapteni akapumua mpaka mkanda ukashuka. Jenerali akafurahi akataka ukumbusho. "Nipeni buti la mwisho," akasema. "Nitalivaa nitembee nalo mpaka kwenye gari, na litakalobaki hapa liwe sifuri kamili!"

"La mguu wako halipo, afande," Sajenti akadakia, haraka kuliko nilivyowahi kumsikia. "Namba yako iliisha zamani."

Lakini Koplo Mashuhuda, mwenye mdomo usio na breki, alishaingia bohari kwa ubavu. "Yapo, afande! Huku nyuma, alipo..." Sauti ikamezwa na makoti. Akatoka anakokota sanduku zito. Namba ile hakuna askari aliyewahi kuiomba. Ni ya miguu ya mtu mmoja nchi nzima.

Jenerali akaketi kwenye kigoda changu, kikalia. Akavua kiatu, akatumbukiza mguu ndani ya buti. Pakasikika kitu kinasagika.

"Kuna kitu humu!"

"Bomu!" Kapteni akapiga kelele. "Laleni!"

Wakalala. Jeshi zima, na Jenerali wake, na buti moja mguuni, walilala kifudifudi uani kwangu kati ya kuku. Mimi peke yangu ndiye niliyebaki wima. Si ushujaa, magoti yangu kulala yanataka taarifa mapema. Nikalichukua buti la pili nikalipindua.

Kikaanguka kifurushi cha gazeti. Nikakifungua. Nikachukua buti jingine kwenye sanduku, nikalipindua, na jingine. Vikaanguka vifurushi na vifurushi. Vya juu vilikuwa bado laini, karatasi imeloa mafuta ya nazi. Vya chini vilishaota ukungu mweupe. Nilivitambua vyote, kwa sababu gazeti nalikunja kwa namna yangu, pembe moja ndani ya nyingine, kama alivyonifundisha mama. Hakuna hata kimoja kilichofunguliwa.

Jenerali akainua kichwa kutoka mavumbini. "Umma! Vitu gani hivyo?"

"Kashata, afande," nikasema. "Ni za watoto wa Sajenti."

Koplo Mashuhuda akaangua kicheko akiwa bado amelala. "Watoto gani, bibi? Huyu hana mtu! Analala humo humo bohari juu ya makoti ya theluji, tangu mimi sijaajiriwa. Hata likizo haendi. Aende kwa nani?"

Wengine nao wakacheka, halafu wakaacha. Sajenti Kilasara alikuwa amesimama karibu na mkokoteni, mnene, jasho linamtoka, kofia mkononi na ndani ya kofia hamna kitu. Mkono mwingine ulikuwa kwenye funguo. Jenerali alikuwa anang'ang'ana kuchomoa mguu.

Ningekasirika. Karanga zile niliokota na kupeta mwenyewe, nazi nilikuna kwa mikono hii. Lakini nilitazama ukuta wa bohari, ule unaopeana joto na jiko langu. Jioni zote zile nilizokuwa najipigia hodi, kumbe upande wa pili wa bati alikuwepo mtu, amelala juu ya makoti, ananisikia nikijikaribisha.

Nikamsogelea. Nikamuuliza kama nilivyomuuliza kila asubuhi.

"Sajenti, watoto wamesemaje?"

Akalitazama lile lundo. Sisimizi walikuwa wameshafika.

"Wamesema tamu, mama," akasema. "Wamesema kesho uongeze nazi."